Maelezo ya kuthibitisha hoja katika insha

Maelezo ya kuthibitisha hoja ni taarifa mahususi, kama vile tarehe, idadi, mfano au kauli ya shahidi, ambazo mwandishi huzipanga chini ya wazo kuu la aya ili msomaji alikubali. Nchini Tanzania stadi hii hufundishwa ndani ya uandishi wa insha. Inapaswa kukomaa kati ya darasa la tano na kidato cha pili.

Kosa linalojirudia ni sifa tupu. Mwanafunzi wa Moshi akipewa mada ya umuhimu wa kahawa mkoani Kilimanjaro, hufungua kwa methali, akasema kahawa ni muhimu sana, kisha akairudia kauli hiyo kwa maneno mengine mpaka ukurasa ujae. Methali hupamba insha, haithibitishi kitu.

Mwalimu hodari huuliza swali moja tu: umejuaje? Hapo mtoto aliyekulia kihambani hukumbuka mibuni iliyopandwa chini ya migomba, kahawa inayoanikwa vichanjani, na mnada wa kahawa unaofanyika mjini Moshi. Akisoma historia ataongeza kwamba wakulima wa Kichaga waliunda chama chao mwaka 1925, na kwamba chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kikashika nafasi yake mwaka 1933.

Kuchagua ndiko kugumu zaidi. Kwamba Kilimanjaro ina mita 5,895 ni kweli, lakini haiisaidii aya inayodai kuwa kahawa iliwaunganisha wakulima. Katika aya hiyo, mwaka 1933 una uzito. Aya inayoeleza kwa nini arabika hustawi Kibosho au Marangu inahitaji mwinuko, mvua na udongo wa volkano, na KNCU haina kazi hapo.

Mlima wenyewe una kisa kinachofaa darasani. Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe kileleni na kutangaza kuwa ni theluji. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa kabisa. Rebmann alikuwa sahihi, ila alichokuwa nacho ni kile alichokiona kwa mbali. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi karibu mita 4,300, na theluji ikawaangukia. Mwaka 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilimpa von der Decken nishani ya dhahabu. Wanafunzi wakiulizwa ni taarifa ipi kati ya hizo ingemjibu Cooley, mjadala huwaka wenyewe.

Zoezi lingine ni kuwatuma kwa wazee wakaulize habari za mifongo, mifereji ya asili inayoleta maji vihambani: nani huisafisha, zamu hupangwaje, anayeiba maji hufanywa nini. Wakirudi na majibu, hawahitaji tena kuandika kwamba maji ni uhai. Darasa likiwa kubwa, hubadilishana madaftari na kupigia mstari kila sentensi isiyobeba hoja ya aya yake.

Kikwazo kikubwa kiko kwenye lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini kuanzia kidato cha kwanza masomo mengi huhamia Kiingereza. Mtoto anayeweza kuueleza mfongo hatua kwa hatua kwa Kichaga na Kiswahili hukosa maneno ghafla, akarudi kwenye sifa tupu. Kwa hiyo mahali pa kuijenga stadi hii ni kipindi cha Kiswahili cha darasa la tano na la sita, na shule inayoiahirisha mpaka sekondari imechelewa.