Nasaba ya Bunduki: Kwa Nini Mnada Hulipa Zaidi ya Thamani ya Chuma

Mnamo Agosti 2021, huko Los Angeles, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza bastola moja ya Colt kwa dola zaidi ya milioni 6. Wenye mnada wenyewe walikuwa wamekadiria kati ya milioni 2 na milioni 3. Dada zake, yaani bastola za umbo hilohilo zilizotoka katika kiwanda kilekile miaka hiyohiyo, huuzwa kwa maelfu ya dola tu. Tofauti ni kwamba hii ndiyo iliyokuwa mkononi mwa Pat Garrett, afisa wa sheria wa New Mexico, alipomuua Billy the Kid usiku wa tarehe 14 Julai 1881.

Kwa mtu wa Lubarika, katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, habari hii ni ngumu kumeza. Hapa silaha imekuwa sehemu ya maisha tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, na hakuna anayeilipia zaidi ya kazi inayoweza kufanya. Bunduki kuukuu ni mzigo. Inakuwaje basi kwingineko uzee uipandishe bei, na damu iliyomwagwa nayo iipandishe zaidi? Hoja yangu ni kwamba mnunuzi wa mnada hulipia ushahidi: karatasi, mashahidi na hukumu zinazokifunga kipande kimoja cha chuma kwenye tukio moja. Na ushahidi huo haujitokezi wenyewe. Kuna taasisi zinazoutengeneza na kuutunza, na taasisi hizo hazijagawanywa duniani kwa haki.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni uhaba. Lina ukweli wake. Nchini Marekani, sheria ya Mei 1986 ilifunga daftari la bunduki za rashasha ambazo raia wanaruhusiwa kumiliki. Zilizokwisha andikishwa zinaweza kuuzwa na kununuliwa, lakini hakuna mpya inayoongezwa. Tangu hapo bei zake zimepanda hadi makumi ya maelfu ya dola, ingawa chuma chenyewe hakijabadilika hata kidogo. Pia silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 haibanwi na masharti mengi ya sheria ya shirikisho, hivyo mkusanyaji huinunua kwa urahisi kama anunuavyo saa ya kale.

Lakini uhaba peke yake hautoshi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingia katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini mwa ikweta. Kilichoachiwa biashara ya kawaida ni magumegume, yaani bunduki zinazowashwa kwa jiwe, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti hafifu. Liège na Birmingham zilituma bunduki za aina hiyo kwa shehena. Leo zilizobaki ni chache, na baadhi yake huenda zilipita mikononi mwa watu wa wafanyabiashara wa pembe kama Tippu Tip au Rumaliza, aliyekuwa akipeleka vikosi vyake kutoka Ujiji hadi ncha hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ni adimu, ni za kale, zimeona historia nzito. Hata hivyo, anayeletewa gobore la namna hiyo hana njia ya kujua ni lipi lililokuwa Ujiji na lipi lililokuwa likifukuza nyani shambani. Kwa hiyo huuzwa kama pambo la ukutani.

Mfano unaotuhusu kwa karibu ni bunduki ya marisau ya Theodore Roosevelt. Alipomaliza urais mwaka 1909 alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, wakiongoza safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Walipita Kenya na Uganda, na mapema 1910 wakawinda vifaru weupe katika Lado, eneo la mto Nile ambalo Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa amelikodi hadi kifo chake Desemba 1909. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki ya mitutu miwili aliyotengenezewa na Ansley Fox wa Philadelphia. Oktoba 2010, kampuni ya mnada ya James D. Julia, katika jimbo la Maine, iliiuza kwa dola 862,500.

Ukiuliza fedha hizo zililipia nini, jibu liko kwenye makabrasha: barua za Roosevelt akiisifu bunduki, kumbukumbu za mtengenezaji, picha, na kitabu chake cha safari kilichotoka 1910. Kila kiungo kati ya kiwanda, mwindaji na warithi kinaweza kuoneshwa. Lakini bunduki za msafara ule hazikutembea zenyewe. Zilibebwa, zikasafishwa, zikakabidhiwa mkononi kwa wakati unaotakiwa, na watu waliozungumza Kiswahili. Roosevelt anawataja wachache katika kitabu chake, wakiwamo Muhamed na Bakari, waliombebea bunduki zake. Wapagazi waliobaki, mamia yao, hawana barua wala warithi wanaotambulika. Kazi yao imo ndani ya ile bei, kwa sababu bila wao kusingekuwa na safari ya kusimuliwa. Katika nasaba ya umiliki hawamo.

Igor Kopytoff, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasuku wa Kongo, aliandika mwaka 1986 kwamba vitu vina wasifu kama watu: huingia sokoni, hutoka, hugeuka kuwa vya pekee, kisha huweza kurudi sokoni vikiwa na hadhi nyingine. Naikubali hoja yake, ila naiongezea swali la nani anashika kalamu. Kwa bastola ya Garrett, kalamu ilishikwa hata na mahakama. Mjane wake alidai kortini arudishiwe bastola hiyo katika miaka ya 1930, naye akashinda. Kesi iliyoanza kama ugomvi wa mali ikawa cheti cha uhalisi ambacho hakuna mtaalamu angeweza kukitunga.

Hali ni hiyohiyo kwa bastola ambayo mshairi Verlaine alimpigia mshairi mwenzake Rimbaud risasi ya kifundo cha mkono huko Brussels mwaka 1873. Polisi wa Ubelgiji waliichukua, wakaandika, wakahifadhi maandishi. Mwaka 2016 nyumba ya mnada ya Christie's iliiuza Paris kwa euro 434,500, mara kadhaa ya makadirio. Siwezi kuacha kulitazama jambo hili kwa macho ya mtu wa Kivu. Nchi iliyoweza kufuatilia bastola moja ya washairi wawili wagomvi ndiyo ambayo, miongo miwili baadaye, mawakala wa mfalme wake walikuwa wakifyatua risasi kotekote Kongo, na waliokufa kwa risasi hizo hatujui hata idadi yao.

Kuna sharti jingine, nalo ni umbali. Bunduki huwa kumbukumbu pale tu inapokuwa imenyamaza, na jamii inayoitazama ina hakika kwamba haitaamka. Mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, unasimama leo Fort Jesus, Mombasa, na watoto wa shule hupiga nao picha. Mwenzake uliwekwa kwenye meli Graf von Götzen iliyokuwa ikilitawala ziwa letu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi wa kando ya Ruzizi hatujapewa umbali huo. Mei 1964 waasi waliingia Uvira, wengi wao wakiwa wameanza na mikuki na mishale, na bunduki zao za kwanza wakazipokonya askari wa jeshi la taifa. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde hili, ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwezi huohuo jina la Lemera likapewa mkataba ulioanzisha AFDL, muungano wa waasi. Silaha za miaka hiyo hazikustaafu. Zimehama kutoka kundi hadi kundi.

Zinapokusanywa, kwa kawaida huteketezwa au hukatwa. Sina ubishi na hilo: afadhali bunduki ife kuliko mtu. Nchini Msumbiji, mradi ulioanzishwa 1995 na Baraza la Kikristo uliwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya silaha, na wasanii wakageuza vipande kuwa sanamu. Kiti cha enzi alichounda mmoja wao, Kester, kwa vipande hivyo kilinunuliwa na British Museum mwaka 2002. Ni kazi inayogusa moyo. Lakini hata pale silaha zilipata thamani kwa kuyeyuka katika jina la msanii, na safari ya kila moja ikapotea.

Nyaraka zinazofuatilia bunduki zetu moja moja, kwa namba zilizochongwa juu yake, ni zile za wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliowekwa kwa azimio namba 1533 la 2004 kuchunguza uvunjaji wa vikwazo vya silaha Kongo. Huandika namba, kiwanda, nchi iliyouza. Ni kazi muhimu, ila husimulia njia ya silaha hadi inapofika hapa, na hunyamaza kuhusu kilichotendeka ilipofika.

Hapo ndipo vyuo vya Uvira na Bukavu vina kazi isiyohitaji fedha nyingi. Kila zoezi la kukusanya silaha lingekuwa na mwandishi kando ya meza, anayeinakili namba, kuipiga picha, na kumuuliza anayeisalimisha aliipata wapi na ilipita vijiji gani. Majina ya watoa habari yafungiwe kwa miaka mingi, kwa usalama wao. Wapo watakaosema kwamba tukifanya hivyo tutakuwa tumewaandalia wakusanyaji wa ng'ambo bidhaa mpya. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kutenganisha viwili: chuma kikatwe mbele ya watu kama ilivyopangwa, na daftari libaki Uvira, mikononi mwa wale ambao vijiji vyao vimeandikwa ndani yake.