Notcutt na Sauti ya Santuri

Mhakiki akimtaja Meja L. A. Notcutt humpa filamu zote, kama kwamba alizisema peke yake. Hapo nabisha. Mwingereza huyu, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge Afrika Mashariki, alipiga kambi Vugiri, milimani Usambara, mwaka 1935. Kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani yeye na mwenzake, G. C. Latham, walitoa filamu fupi zipatazo 35 hadi 1937: safura, kodi, ukulima wa Kingolwira. Waigizaji walikuwa Waafrika. Serikali za kikoloni zikakataa kuendelea kugharimia, kazi ikafa. Leo zimebaki chache mno.

Nia ilikuwa kumfundisha "mshamba", hilo halina ubishi. Lakini picha zenyewe zilikuwa bubu! Maneno yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, yakachezwa picha ikienda. Sasa hadhira ilimsikia nani? Si Notcutt.

Sisi wa Temeke tunalijua jambo hili. Kwenye kibanda umiza, jamaa anayetafsiri filamu ya Kichina humbatiza shujaa jina la Kiswahili, humtania, na watazamaji humjibu. Huyo ni fanani kamili. Sisemi karithi Vugiri, wala sidhani kaisikia. Msemaji wa santuri alifungwa na maandishi ya bwana, huyu wa kwetu hafungwi na mtu. Ila wote wawili wamekaa katikati ya picha na hadhira, na mtaala wetu wa fasihi simulizi umewaruka wote wawili, ukakimbilia kuhesabu vitendawili.