Aliyeshika Kalamu Ndiye Aliyechagua Wimbo

Mwalimu wa kwaya anayefundisha wimbo mpya kanisani Singida, iwe mjini au katika kata za pembezoni kama Unyambwa, mara nyingi huanza na solfa. Anaandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t, anatoa sauti ya do, kisha sauti ya kwanza wanajifunza mstari wao bila maneno huku sauti ya pili, ya tatu na besi wakingoja zamu yao. Silabi hizo zina umri wa karibu miaka elfu moja. Karibu mwaka 1030 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alitafuta njia ya kuwafundisha vijana wa kwaya nyimbo wasizowahi kuzisikia. Akachukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake kinaanza sauti moja juu ya kilichotangulia, akatoa humo ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikageuka do, na silabi ya saba ikaongezwa. Katika karne ya 19 Mwingereza John Curwen akaendeleza na kueneza mfumo wa kuziandika kwa herufi, na wamisionari wakaubeba hadi Afrika. Kwa hiyo kila kwaya ya Singida inayojifunza kwa solfa inatumia chombo cha Zama za Kati za Ulaya. Chombo hicho kilikuja pamoja na amri iliyotoka Ulaya hiyohiyo, kwamba kuna muziki wa Mungu na kuna muziki wa dunia, na kwamba ngoma ya Wanyaturu ni ya dunia. Ninachodai hapa ni kwamba amri hiyo haikuheshimiwa hata huko ilikotoka, na kwamba hasara yake kubwa katika nchi ya Wanyaturu imeangukia historia zaidi ya ibada.

Tuanze na hali ya nyimbo za kanisa kabla ya Guido. Isidori wa Sevilla, askofu na mwanachuoni aliyefariki mwaka 636, alieleza kwamba sauti zisiposhikwa na kumbukumbu ya mtu hupotea, kwa kuwa haziwezi kuandikwa. Wakati huo Kanisa lilikuwa na karne kadhaa za kuimba zaburi, na tuni za zaburi hizo hazikuandikwa. Alama za kwanza za kuonyesha sauti ikipanda na kushuka zilianza kuenea katika karne ya 9, na kwa muda mrefu zilimfaa tu aliyekwisha kuujua wimbo. Ina maana kwamba nyimbo tunazoziita za Kigregori, zinazosifiwa kuwa kilele cha muziki mtakatifu, ziliishi vinywani mwa watu kama zilivyoishi nyimbo za mavuno, za harusi na za jando za Wanyaturu. Mzee alimwimbia kijana, kijana akarudia mpaka akapata. Anayesema muziki wa kimapokeo ni duni kwa sababu haukuandikwa analitukana pia Kanisa la karne ya 7.

Kalamu ilipopatikana, ilishikwa na watawa na makleri, na hapo ndipo ukuta kati ya dini na dunia ulipoanza kutobolewa na walinzi wake wenyewe. Katika abasia ya Reading, Uingereza, kulikuwa na hati ya katikati ya karne ya 13 yenye wimbo wa Kiingereza wa kushangilia kiangazi na mlio wa ndege. Chini ya maneno hayo, kwa tuni ileile, mwandishi ameweka maneno ya Kilatini juu ya Kristo na wokovu. Mkono uliotunza kitabu hicho haukuona haja ya kuchagua moja na kuchoma lingine. Katika hati ya Carmina Burana, iliyoandikwa karibu mwaka 1230 na kugunduliwa mwaka 1803 katika abasia ya Benediktbeuern, nyimbo za mapenzi na pombe zimekaa pamoja na michezo ya Krismasi na ya mateso ya Bwana, na kuna hata ibada ya misa iliyogeuzwa kuwa ya wacheza kamari. Huko Ufaransa watunzi wa moteti walikwenda mbali zaidi. Walichukua kipande cha wimbo wa kanisa, wakakiweka sauti ya chini, kisha juu yake wakapanga sauti mbili zenye maneno tofauti, mara nyingine moja ikimsifu Bikira Maria na nyingine ikimlilia mpenzi, zote kwa wakati mmoja. Kuanzia karne ya 15 wimbo wa Kifaransa wa mtu aliyevaa silaha ukawa msingi wa misa zaidi ya 40, zikiwemo za Dufay, Josquin na baadaye Palestrina.

Mfano unaonivutia kuliko yote unatoka Kilkenny, Ireland. Askofu Richard Ledrede, aliyeshika jimbo la Ossory tangu mwaka 1317, alikasirishwa na mapadri wake kuimba nyimbo za mitaani. Akatunga nyimbo 60 za Kilatini ili vinywa vilivyowekwa wakfu visichafuliwe na maneno ya kihuni. Lakini aliziacha tuni palepale. Katika kitabu chake, kinachoitwa Kitabu Chekundu cha Ossory, juu ya baadhi ya nyimbo hizo zimeandikwa mistari ya kwanza ya nyimbo za Kiingereza na Kifaransa, ili mwimbaji ajue tuni ipi atumie. Mwenyewe hakukusudia, lakini askofu aliyetaka kuzifuta nyimbo za dunia ndiye aliyetuachia ushahidi kwamba ziliwahi kuwapo, na baadhi yake hazijulikani kokote isipokuwa hapo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu muziki wa watu wa kawaida wa Zama za Kati tumekipata kwa sababu uligusa kanisa mahali fulani. Hata makabaila waliokuwa na fedha za kulipa waandishi hawakufanikiwa sana. Ya washairi waimbaji wa kusini mwa Ufaransa yamebaki mashairi kama 2,500, lakini yenye tuni ni karibu moja tu kati ya kumi. Nyimbo za mkulima wa Ulaya ambazo hakuna padri aliyezichukua wala kuzilaani kwa maandishi zimekwenda zote. Aliyeshika kalamu ndiye aliyechagua, na alichokipuuza hakikupata nafasi ya pili.

Sasa tuje Singida. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Walutheri wa Leipzig walikuwa wamefika Iramba. Baada ya vita kazi yao ilichukuliwa na Wamarekani wa misheni ya Augustana, wengi wao wazao wa wahamiaji kutoka Uswidi, na ikaenea hadi kwa Wanyaturu. Wakatoliki nao walijenga misheni ya Makiungu. Kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Tanganyika, mwongofu alitakiwa aachane na ngoma, akapewa kitabu cha nyimbo zilizotafsiriwa. Watu wa Augustana walikuja na wimbo wao mpendwa wa Lina Sandell kuhusu watoto wa Baba wa mbinguni, na tuni yake inajulikana kuwa ya kienyeji ya Uswidi. Vitabu vya Kilutheri vimebeba pia tuni ya Hans Leo Hassler ya Ijumaa Kuu, ambayo mwaka 1601 ilichapishwa kama wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa na mapenzi. Basi mkulima wa mtama aliambiwa aache tuni ya kijiji chake kwa kuwa ni ya dunia, akapewa tuni ya kijiji cha mwingine kwa kuwa ni takatifu. Siwatuhumu wamisionari hao kwa hila. Wengi wao hawakuijua asili ya walichokiimba, na ndivyo ilivyo kwa tuni yoyote iliyokaa kanisani miaka mia tatu.

Hapa kuna pingamizi zito, na lazima lijibiwe kwa heshima. Wakristo wa kwanza wa Kinyaturu wenyewe mara nyingine ndio walioikataa ngoma. Kwao tuni haikuwa sauti tupu. Ilikuwa na maneno yake, pombe yake, tambiko lake na usiku wake, na mtu aliyeuacha unyago kwa gharama ya kutengwa na ukoo hakutaka kuusikia tena madhabahuni. Luther mwenyewe alionja tatizo hilo. Wimbo wake wa Krismasi wa kutoka mbinguni juu ulichapishwa mwaka 1535 kwa tuni ya mchezo wa vitendawili, lakini mwaka 1539 ukatokea na tuni mpya inayoaminika kuwa ya kwake, na ndiyo inayoimbwa hadi leo. Wale wanaopenda kusema kwamba Luther alizoa nyimbo za vilabuni wakumbuke mfano huu, na wakumbuke pia kwamba tuni ya wimbo wake wa ngome imara haikutoka kilabuni. Nakubali, basi, kwamba masikio yana kumbukumbu. Lakini kumbukumbu hiyo ina umri. Aliyezaliwa Unyambwa leo hawezi kuchukizwa na usiku asioujua, na kilichokuwa dawa kwa kizazi cha babu hakina sababu ya kuwa sheria kwa wajukuu.

Wapo watakaosema kwamba hata Zama za Kati Kanisa lilikataza. Ni kweli. Kati ya 1324 na 1325 Papa Yohane wa 22, akiwa Avignon, aliwashutumu watunzi waliokatakata nyimbo za ibada na kuzibandika sauti za lugha za mitaani. Katazo hilo linathibitisha jambo lilelile, maana hakuna anayekataza lisilofanyika. Na halikuzuia. Baada ya kizazi kimoja Guillaume de Machaut, mkleri aliyekuwa maarufu kwa nyimbo za mapenzi, alitunga misa nzima ya sauti nne kwa ustadi uleule, na leo misa hiyo inahesabiwa miongoni mwa hazina za Kanisa.

Kuna pia hoja ya lugha, ambayo kwangu ina nguvu kuliko zote. Kinyaturu ni lugha ya toni, maana ya neno hutegemea pia sauti inapanda au inashuka. Howard Olson, mmisionari wa Augustana aliyefanya kazi kwa Wanyaturu, alichapisha mwaka 1964 uchambuzi wa sauti na maumbo ya lugha hiyo, aliyoiita Kirimi. Aliyejua hivyo hakuweza kutoona kinachotokea maneno ya Kinyaturu yanapobandikwa juu ya tuni ya Ujerumani, kwamba wimbo unapanda pale neno linapotaka kushuka. Kiswahili hakina toni, hivyo tatizo halionekani, na kwaya zikahamia Kiswahili. Matokeo yake Kinyaturu kimepoteza nafasi katika uimbaji wa ibada bila mtu yeyote kutoa amri.

Olson hakuishia kwenye sarufi. Akiwa mwalimu wa chuo cha theolojia cha Makumira aliwahimiza wanafunzi walete tuni za kwao na kuziandikia maneno. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga hapo Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka unaoimbwa sasa na Walutheri wa mabara mengine, na mwaka 1968 kikatoka kitabu Tumshangilie Mungu. Upande wa Wakatoliki, padri Stephen Mbunga wa Songea alichapisha mwaka 1963 utafiti kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba 4 ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misheni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Ruhusa ipo, basi, kwa zaidi ya miaka 60.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waislamu hawaihesabu tilawa ya Kurani kuwa muziki, na kasida za maulidi zina adabu yake, kwa hiyo mgongano wao haukufanana na huu. Lakini hata huko palikuwa na kalamu ya aina nyingine. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodiwa kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928, ndiyo maana sauti ya mwanamke wa Fumba inasikika hadi leo. Kampuni za santuri hazikuwa na biashara na nyimbo za wanawake wa Unyambwa.

Na isisemwe kwamba kutoka kanisani kwenda duniani ni uchafuzi. Tuni tunayosimama wima kuisikiliza, ya Mungu Ibariki Afrika, Enoch Sontonga aliitunga mwaka 1897 kama wimbo wa dini. Tanganyika iliichukua mwaka 1961 kuwa wimbo wa taifa, na baada ya Azimio la Arusha kwaya za shule na vijiji zikaimba siasa kwa mpangilio uleule wa sauti nne. Sijasikia padri wala mchungaji aliyelalamika kwamba mali ya Mungu imeibwa.

Walimu wa kwaya wa Singida, Wakatoliki na Walutheri, mna solfa mkononi na wazee wangali wapo. Mwendeeni bibi anayejua nyimbo za kupura uwele, mwombeni aimbe polepole, ziandikeni d na r na m zake pamoja na maneno yake ya Kinyaturu kama alivyoyasema, hata yale yasiyofaa kuimbwa kanisani. Juu ya karatasi wekeni jina lake, kijiji chake na mwaka. Iwapo tuni hiyo itaingia kwenye misa au itabaki ya mavuno, hilo mtaamua baadaye. Kuandika kufanyike sasa.