Sindano Iliyorudi Msambani

Zaidi ya nusu karne iliyopita, daktari wa Kijapani, Hiroki Watanabe, aliwakalisha wagonjwa wake kwenye kiti cha ajabu. Katikati ya kikalio kilichomoza kifaa kama kijiti, kikaingia njia ya haja kubwa. Mawimbi ya sauti yaliyotoka humo yalichora tezi dume, kiungo ambacho madaktari walizoea kukijua kwa ncha ya kidole. Ndicho kidole kilekile ambacho mpaka leo kinawafanya wanaume wengi waahirishe kwenda hospitali.

Lakini picha haithibitishi saratani. Lazima kinyama kichukuliwe, kikatazamwe kwa darubini, na sindano ya kukichukulia ipite wapi ni hoja ya zamani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Hugh Hampton Young wa Johns Hopkins, Marekani, alikuwa akipasua msamba, pale kati ya korodani na tundu la haja kubwa, ili aifikie tezi. Mwaka 1930 Russell Ferguson wa New York akaacha kisu: alichoma sindano palepale msambani na kufyonza chembe. Mwaka 1937 Astraldi wa Argentina akaona njia ya mkato. Tezi imeegemeana na utumbo, ya nini kuzunguka? Akapitia njia ya haja kubwa.

Njia ya mkato ilitawala pale altrasaundi, ile picha ya mawimbi ya sauti, ilipoungana na bastola ya springi, inayofyatua sindano na kurudi na kinyama kabla mgonjwa hajamaliza kushtuka. Mwaka 1989 Hodge, Stamey na wenzao wa Stanford walieleza mpango wa kuchukua vinyama sita, vitatu kila upande. Baadaye vikawa kumi, kumi na viwili. Ulikuwa mpango mzuri, ila kwangu unafanana na bambo la mnunuzi wa mchele: ukichomoa punje safi hujui kilichomo kwenye pembe ya gunia. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa 2017 kwa wanaume 576, ulionyesha hivyo. Sindano ya njia ya haja kubwa ilinasa asilimia 48 tu ya saratani za hatari, na picha ya sumaku, MRI, ilizigundua asilimia 93. Siku hizi picha ya MRI hutangulia, sindano ikafuata ikijua inakokwenda.

Ubaya wa pili ulikuwa uchafu. Sindano inayotoboa utumbo hubeba vijidudu vya kinyesi hadi kwenye tezi, mara nyingine hadi kwenye damu. Kwa miaka mingi vidonge vya antibiotiki ya siprofloksasini vilitosha kuvizuia. Vijidudu vikawa sugu. Msambani sindano haipiti kwenye utumbo, na ngozi yake husafishwa ikatakata. Kilichowazuia madaktari wengi kurudi huko ni nusu kaputi na chumba cha upasuaji, mpaka ilipoonekana kwamba ganzi ya kawaida inatosha. Mwaka 2021 Chama cha Urolojia cha Ulaya kiliupa msamba kipaumbele.

Utafiti wa TRANSLATE, wa Uingereza pia, ulilinganisha njia zote mbili kwa wanaume 1,126, na matokeo yakatoka 2025. Msamba uligundua saratani ya kutibiwa kwa asilimia 60 ya wanaume, njia ya haja kubwa asilimia 54, na waliolazwa kwa maambukizi walikuwa wachache zaidi upande wa msamba. Ila waliochomwa msambani ndio waliolalamika zaidi kwamba wameumia.