Uuguzi Handeni na Korogwe: wanachuo na wahitimu

Handeni na Korogwe, wilaya mbili jirani mkoani Tanga, kila moja ina chuo cha serikali cha uuguzi na ukunga. Vyuo hivyo havitoi shahada. Hutoa astashahada kwa anayemaliza miaka miwili na stashahada kwa anayeongeza wa tatu. Hata hivyo, safari ya wauguzi wa Tanzania kwenda chuo kikuu haielezeki bila vyuo vya namna hii, kwa kuwa wapo wauguzi wenye shahada walioshika sindano kwa mara ya kwanza wilayani.

Anayetaka kujiunga lazima awe amefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia katika mtihani wa kidato cha nne. Kwa mtoto wa mkulima wa Mkata au Mashewa, aliyesoma shule ya kata yenye maabara isiyokamilika, kufika hapo tu ni ushindi, na familia nzima huujua uzito wake. Baada ya darasa huja wodi, na huko ndiko mwanachuo anakopimwa kwelikweli.

Chukua chumba cha kujifungulia, ambacho wauguzi wenyewe hukiita leba. Mwanachuo hupewa patografu, yaani karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, na fetoskopu. Kila nusu saa huinama kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na kutia nukta kwenye karatasi. Kila baada ya saa nne hupima kiasi mlango wa kizazi ulivyofunguka. Nukta zikianza kuvuka mstari wa tahadhari, mkunga hangoji: huita msaada au huandaa rufaa. Mtoto akishazaliwa, mama huchomwa oksitosini yuniti 10 ndani ya dakika moja ili kuzuia kutoka damu nyingi. Ni kazi ya kurudiwarudiwa usiku kucha, na mwanachuo anayeijaza patografu kwa uaminifu saa tisa za usiku, wakati hakuna anayemwangalia, tayari amekuwa muuguzi hata kabla ya mahafali. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Sababu za kushuka huko ni nyingi, lakini mikono ya wakunga imo.

Mbali na chuo chake, Korogwe ina sifa nyingine inayostahili kutajwa kwa fahari. Mwaka 2007 watoto wa Korogwe na Kilifi, Kenya, 894 kwa jumla, waliingizwa katika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kuwa ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 53 katika kipindi cha ufuatiliaji. Korogwe ikawa pia kati ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vya jaribio kubwa lililoanza 2009, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Majina yanayosomwa kwenye majarida ni ya watafiti, lakini jaribio kama hilo haliendi bila wauguzi: kuchoma sindano, kutunza chanjo kwenye baridi, kumweleza mzazi kinachofanyika hadi aelewe, na kumfuatilia mtoto asiyeonekana kliniki.

Mwenye stashahada anayetaka kujiendeleza hulazimika kwenda mbali. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kufundisha shahada ya uuguzi kabla ya kuwa chuo kikuu kamili 2007. Leo mwombaji anaweza pia kuchagua Dodoma, Bugando kule Mwanza, au KCMC mjini Moshi. Masomo ni miaka minne, na mhitimu hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini. Kwa muuguzi aliyekwisha kuajiriwa na halmashauri, hii ina maana ya kuomba ruhusa ya masomo, kutafuta ada na kuacha watoto kwa bibi yao. Nayo zahanati aliyotoka hupungukiwa mtu. Hilo ni tatizo la kweli, na halimwondolei muuguzi haki ya kusoma.

Wahitimu wa ngazi zote hukutana tena kazini. Wapo Magunga, hospitali ya Korogwe, na wapo Kwamkono, hospitali ya Kanisa Anglikana wilayani Handeni. Milimani Korogwe ipo Lutindi, iliyoanza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, fani inayohitaji subira ya muuguzi kuliko dawa. Popote walipo, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inawataka wawe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Lakini leseni peke yake haitoshi kazini: Handeni, kwa mfano, imekuwa na shida ya maji kwa miaka mingi. Bomba kubwa lililojengwa miaka ya 1970 huyatoa Mto Pangani, upande wa Korogwe. Katika zahanati isiyofikiwa na bomba, mkunga huanza zamu kwa kuhakikisha ndoo yenye koki imejaa na sabuni ipo kando yake, ndipo amwite mama wa kwanza.