Utatuzi Usiotatua: Hoja ya "Usasi wa Hitilafu"

Wapo wanaoamini kwamba istilahi ikishachapwa katika orodha yenye muhuri imekwisha kuwa sahihi. Kwa imani hiyo, kazi yote inayoanza pale waifai inapokatikakatika asubuhi baada ya kompyuta kujisasisha usiku, na kuendelea mpaka mtandao utulie, imepewa jina moja: "utatuzi wa matatizo". Jina hilo limo katika miongozo, limo katika menyu, limo katika vitini vya wanafunzi. Mimi nalipinga. Nimelipinga pia mbele ya baadhi ya waliolipitisha, ambao walinisikiliza kwa adabu kubwa, wakanishukuru, kisha wakaendelea na ajenda iliyofuata.

Dhana yenyewe haihitaji maelezo. Kila mwenye kompyuta anajua maana ya kuona alama ya waifai imejaa huku ukurasa ukizunguka tu bila kufunguka. Ugomvi wangu ni juu ya jina, na jina halina budi kuchunguzwa kuanzia mzizini.

Mzizi ni "tata". Uzi ukijifunga wenyewe kwa wenyewe, huo umeingia tata. Humo tumepata utata, tukapata kutatanisha, tukapata kutatiza, na aliyetatizwa akabaki na tatizo. Kiswahili, kwa hekima yake, kina kiambishi cha kutengua jambo: mlango uliofungwa hufunguliwa, tundu lililozibwa huzibuliwa, mkeka uliokunjwa hukunjuliwa, mtego uliotegwa huteguliwa. Kwa njia hiyo hiyo kilichoingia tata hutatuliwa, na kazi hiyo ikaitwa utatuzi. Sasa msomaji na aitazame upya istilahi ya wakubwa. "Utatuzi wa matatizo" ni utoaji tata wa vilivyotiwa tata. Kichwa ni tata, mkia ni tata, na katikati pana "wa". Sarufi haikuvunjwa, nakiri, lakini lugha yenye hazina kama yetu imelishwa neno lile lile mara mbili katika sahani moja. Tena kuna "tatua" nyingine, ile ya kurarua nguo, ambayo sikusikia mjumbe yeyote akiikumbuka.

Marudio ya mzizi, hata hivyo, ningeyasamehe. Kosa kubwa ni kwamba neno hili linataja mwisho wa kazi na kuiacha kazi yenyewe bila jina. Utatuzi ni kile kinachopatikana siku tatizo linapokwisha. Je, saa zote za kabla ya hapo, mtu anapopima hiki, anapozima kile, anapokisia na kukosea, zinaitwaje?

Chukua mkasa unaojulikana. Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya Apple ilitoa toleo la 10.10 la mfumo wake wa kompyuta, lililopewa jina la Yosemite. Watumiaji wengi walilalamika kwamba waifai zao zilikuwa zinakatika, zinakwenda kwa kusuasua, au zinaonekana nzima ilhali kurasa hazifunguki. Watu walibadilisha chaneli za ruta. Walizima Bluetooth, kwa kuwa nayo hutumia masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na waifai. Walifuta mipangilio ya mtandao wakaiandika upya. Wachunguzi walipozidi kupekua, wengi walimnyoshea kidole mgeni aliyekuja na toleo lile: programu ya discoveryd, iliyopewa kazi ya kutafsiri majina ya mitandao na ya vifaa, kazi iliyokuwa ikifanywa na mDNSResponder. Mwishoni mwa Juni 2015, katika toleo la 10.10.4, Apple ilimwondoa mgeni na kumrudisha mwenyeji. Basi nauliza: katika miezi ile yote kati ya Oktoba na Juni, watumiaji wale walikuwa wakifanya nini? Kwa istilahi ya orodha, walikuwa wakifanya utatuzi. Utatuzi gani huo usiotatua? Walikuwa wakisaka.

Na hilo ndilo neno ninalolitetea: usasi wa hitilafu. Kitenzi ni "kusaka", nacho hakihitaji kufufuliwa, kwa maana hakijafa. Polisi hufanya msako. Vijana husaka ajira. Mnyonge husaka tonge, na marehemu Mohammed Seif Khatib aliita diwani yake "Wasakatonge", neno moja ambalo hakuna msomaji aliyeomba afafanuliwe. Asili yake ni mawindo: kumfuata mnyama kwa nyayo zake mpaka anapojificha. Mtu mwenye kazi hiyo huitwa msasi. Hapa wapo wanaokunja uso, wakidai kwamba ingefaa kuwa msakaji. Wanasahau kwamba apikaye ni mpishi, aandikaye ni mwandishi, achekeshaye watu ni mcheshi. K hugeuka inapokabiliana na irabu ya mwisho, na katika saka imelainika ikafanana na s iliyoitangulia. Msasi limo katika kamusi za zamani, na usasi ni kazi yake. Sijabuni neno. Nimeliokota lilipokuwa limeangushwa, nikalipangusa vumbi.

"Hitilafu" nayo nimeichagua kwa makusudi, ingawa nilishauriwa niridhike na "matatizo". Asili yake ni Kiarabu, na maana ya kwanza ni kutofautiana. Watu wakikosa kukubaliana, wamehitilafiana. Chombo chenye hitilafu ni chombo kilichotofautiana na jinsi kinavyopaswa kuwa. Hapo istilahi yangu inafanya kazi ambayo ile ya kamati haiwezi: inamfundisha mtu namna ya kufikiri. Jana mtandao ulikuwa mzima, usiku kompyuta ikajisasisha, leo mtandao ni mgonjwa. Swali la kwanza ni tofauti: kipi cha leo hakikuwapo jana? Mwenye kusaka hitilafu anasaka tofauti. Mwenye kutatua matatizo anazima na kuwasha tena.

Nimesikia pia kwamba neno langu lina ukatili, kwamba kompyuta si porini. Mwenzetu aliyesema hivyo alisahau neno analolitafsiri. Neno la Kiingereza, "troubleshooting", limebeba bunduki mkononi. Lilizoeleka mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, miongoni mwa mafundi waliotumwa kufuata nyaya za telegrafu na simu hadi mahali zilipoharibika. Waliitwa wapiga shida risasi, na hakuna aliyeona haya. Waswahili tunayo kazi ile ile ya kufuata njia hadi penye kasoro, tuna kitenzi chake kinachonuka jasho na majani, halafu tunaona aibu kukitumia.

Washindani wangu wana mapendekezo yao. Mmoja ameleta "utanzuzi", kutoka kutanzua. Ni neno zuri la washairi, lakini ni ugonjwa ule ule wa tata katika mwili mwingine: linataja kufunguka kwa fundo, halitaji kulitafuta. Wa pili, anayependa mambo ya kale kuliko mimi, ametaka "uaguzi". Kuagua ni kazi ya mganga, naye huagua kwa kupiga ramli. Tukilipokea neno hilo tutakuwa tumehalalisha tabia ya mafundi wanaotazama kompyuta kwa mbali na kutangaza kwamba imelogwa na virusi. Wa tatu hakuona sababu ya kuhangaika, akaandika "trabulishutingi". Huyo sina la kumwambia.

Pingamizi linalopendwa zaidi, hasa wakati wa chai, ni la "kisasi". Wanasema: programu inayosaidia kazi hii, kwa kanuni yako ya ki-, itaitwa kisasi, na kompyuta itaonekana inataka kulipiza. Vicheko hufuata. Nilikwisha kujibu, na ninajibu tena kwa maandishi ili vicheko vipungue. Kwanza, kisasi cha kulipiza kimetoka katika Kiarabu, hakina udugu wowote na saka. Pili, lugha yetu haijawahi kuogopa maneno mapacha: kaa ni wa baharini, kaa ni la moto, na bado hakuna mpishi aliyewasha jiko kwa kaa wa baharini. Tatu, sijapendekeza kisasi kamwe. Kifaa nakiita kisakio, kama kifagio cha kufagilia na kicharazio cha kucharazia. Anayenikariri na anikariri sawasawa.

Pingamizi la pili lina uzito kidogo, na kwa bahati wanaolileta hawalijui uzito wake. Ni kwamba "usasi" linakaribiana mno na "kusasisha", ambalo limekwisha kubalika kwa maana ya kuitia programu mabadiliko mapya. Ni kweli yanakaribiana. Lakini kusasisha kumezaliwa na "sasa", yaani kulifanya jambo liwe la sasa, na ni katika maneno machache ya kompyuta yaliyobuniwa vizuri. Laiti waliolibuni wangeketi pia kikao cha utatuzi. Halafu ukaribu huo una faida yake. Anayesasisha leo atasaka kesho, na sioni ubaya masikio yakionywa mapema.

Hapa pana haja ya kukumbusha jinsi maneno ya fani hii yalivyoishi. Kompyuta iliwahi kuitwa ngamizi, ikaitwa tarakilishi, na majina yote mawili yalikuwa na watetezi wasomi. Watu wakaendelea kusema kompyuta. Kwa upande mwingine, "barua pepe" ilipita bila kusukumwa, kwa sababu pepe ina upepo ndani yake. Mwaka 2004 mradi uliofanyikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na watumiaji wakapata kuyajaribu maneno kwa vidole badala ya kuyasoma katika orodha. Huo ndio mtihani ninaouomba. Kikao cha wataalamu hakiwezi kuwa mahakama ya neno ambalo hakuna mmoja wao aliyelitumia akiwa na kompyuta mbovu mbele yake.

Kwa matumizi ya kila siku, nitasema kwa ufupi. Waifai ikianza kukatikakatika baada ya kusasisha, msasi huuliza kwanza: ni kompyuta hii tu, au na simu iliyo pembeni? Kama simu nayo inakatika, nyayo zinakwenda kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Kama ni kompyuta peke yake, chomeka waya: mtandao ukitulia kwa waya, hitilafu iko upande wa waifai. Hapo mshukiwa wa kwanza ni draiva ya kadi ya waifai (kuna wanaoiita kiendeshi, ugomvi wa siku nyingine), kwani sasisho mara nyingi huibadilisha bila kubisha hodi. Irudishe ya zamani au weka mpya kutoka kwa mtengenezaji. Kagua kama mfumo unaizima kadi ili kuokoa betri. Usahaulishe mtandao na uuingie upya. Kama waifai imeshika na kurasa hazifunguki, badilisha seva ya DNS. Wenye Windows waandike netsh wlan show wlanreport katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa haki za msimamizi, wapate ripoti ya siku 3 zilizopita inayoonyesha waifai ilikatika lini na kwa sababu gani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya.

Na usidharau swali la mahali. Desemba 2023 Microsoft ilikiri kwamba sasisho la Windows 11 la mwezi huo, KB5033375, lilikuwa linazizuia baadhi ya kompyuta kuingia katika waifai za vyuo na ofisi zinazotumia uthibitishaji wa 802.1x. Waifai za nyumbani hazikutarajiwa kuguswa. Mwanafunzi aliyepeleka kompyuta kwa fundi mtaani angeiona nzima, akairudisha chuoni ikagoma tena, na fundi angeitwa mwongo. Fundi aliyefundishwa kusaka angemuuliza: inagoma wapi, na wapi haigomi? Microsoft ililirudisha nyuma badiliko hilo kabla mwezi haujaisha. Aliyekuwa akitatua, bila shaka, alikuwa amekwisha kufuta mfumo mzima na kuuweka upya.

Basi na iandikwe hivi: kazi ni usasi wa hitilafu, mtu ni msasi, kitenzi ni kusaka hitilafu, na programu ya kusaidia ni kisakio. Utatuzi ubaki na kazi yake halali, ya kutaja siku hitilafu inapoondoka. Sitapeleka pendekezo hili tena katika kikao chochote. Nimeshawachosha wajumbe, nao wamenichosha. Orodha ijayo ikitoka bila neno hili, nitajua makala haya hayakusomwa. Ikitoka nalo, bila kutaja lilikotoka, nitajua yalisomwa kwa makini.