Mambo Msiige: Mzimu wa Nani?

Makala haya yanahusu jumba moja la Shangani, Unguja, lakini yanaanzia kwenye mikoko ya Delta ya Rufiji, upande wa Kibiti. Kwa nini? Kwa sababu dari za nyumba za mawe za Unguja zilibebwa na boriti za mikoko, na Delta hiyo ilikuwa miongoni mwa machimbuko yake makubwa. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Tajiri alipanga nyumba yake, lakini mti wa topeni ndio uliompimia.

Jumba lenyewe, Mambo Msiige, lilijengwa kati ya mwaka 1847 na 1850 na tajiri wa Kiarabu, Salim bin Harith. Husimuliwa kwamba chokaa yake ilikandwa kwa maelfu ya mayai, na eti watu walizikwa wazima ndani ya kuta ili zisimame imara. Penye wafu wa namna hiyo hapakosi mizimu. Jina nalo linaonya: mambo haya msiyaige! Tangu 2015 jumba hilo ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt.

Je, ni kweli? Mwanahistoria atadai mifupa. Mhakiki wa fasihi simulizi ana swali jingine: kwa nini jamii imesimulia hivyo na si vinginevyo?

Tutazame kejeli moja. Mwaka 1873, kwa shinikizo la John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa. Mwaka 1874 ubalozi wa Uingereza ukahamia Mambo Msiige. Wakati huohuo misafara ya watumwa kutoka Kilwa, iliyozuiwa baharini, ilipita nchi kavu na kuvuka Rufiji. Frederic Elton, ofisa wa Waingereza, alikutana nayo njiani akahesabu maelfu. Mezani palikuwa na mkataba, njiani minyororo ingali inalia.

Hapo ndipo simulizi inapopata nguvu. Mwenye nyumba tunamjua kwa jina. Aliyechoma chokaa je? Na aliyekata boriti, tope magotini? Hao simulizi imewarudisha ukutani na kuwapa sauti usiku. Tunadiriki kusema kwamba mzimu wa Mambo Msiige ni mfanyakazi asiyeandikwa. Basi mgeni anayelala pale akisikia dari ikilia, asikimbilie kuuliza mganga yuko wapi. Aulize kwanza: boriti hii alikata nani?